Unataka Kishikwambi au Unataka Vilivyomo?

Leo nakupeleka Kariakoo, ghorofa ya kwanza ya jengo moja lililo hatua chache tu kutoka Mtaa wa Aggrey, kwenye kibanda cha vioo ambacho wakiingia wateja wawili, wa tatu anasubiri kwenye ngazi. Fundi wangu ana mkeka wa mpira wa bluu mezani, skrubu ndogo kama mbegu za mchicha amezigawa kwenye vifuniko vya soda, na feni ameigeuzia ukutani ili isizipeperushe. Nilimwekea mezani kishikwambi cha marehemu shangazi yangu. Hakukigusa. Alikitazama, akanitazama mimi, kisha akauliza: "Mzee, unataka kishikwambi au unataka vilivyomo?"

Nilidhani ananitania. Nikamwambia nataka vyote viwili, ndiyo maana nimepanda daladala mbili kuja kwake. Akatikisa kichwa. "Kishikwambi nakupa leo hii. Nakiflashi, nusu saa haiishi unaondoka nacho, kinawaka kama kimetoka dukani jana. Ila vilivyomo ndiyo basi tena. Na kama unataka vilivyomo, nikwambie mapema: mimi sina namba ya siri, wewe huna, na aliyekuwa nayo mmeshamzika. Kaa hapo kwanza tuzungumze."

Nikakaa. Mengi nitakayokwambia jioni hii niliyaokota pale, juu ya stuli ya plastiki yenye mguu mmoja mfupi.

Shangazi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Tanga mpaka alipostaafu. Mwanawe, binamu yangu, anafanya kazi Muscat, na likizo moja alimletea mama yake kishikwambi chenye kava jekundu. Sisi tulidhani kitaishia kabatini pamoja na vile vikombe vya wageni. Kumbe hatukumjua. Mama yule alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, akawa anapiga picha kila ukurasa wa daftari la michango. Harusi kapiga, maulidi kapiga, mpaka nazi zilizoanguka kapiga ili mlinzi wa shamba asimdanganye hesabu. Na lipo jambo moja ambalo sote tulikuja kulililia. Alikuwa akimrekodi bibi, mama yake mzazi. Bibi alikuwa ameshapita miaka 90 na kumbukumbu zake zilikuwa zinakuja na kukatika kama umeme wa mgao. Shangazi akawa kila jioni anakaa naye ukumbini, kishikwambi kiko pajani, anamwuliza: mlihama Pangani mwaka gani, nani alimwoa nani, na ule wimbo wa kutwangia mlikuwa mnauimbaje. Bibi akatangulia. Mwaka uliofuata shangazi naye akaondoka, ghafla, mvua za masika ndiyo kwanza zinaanza.

Arobaini ilipokwisha tukakaa kikao cha ukoo. Nyumba ikazungumzwa, shamba la minazi likazungumzwa, akapendekezwa msimamizi wa mirathi ili jina lake lipelekwe Mahakama ya Mwanzo. Ndipo mmoja akauliza: na sauti za bibi je? Kishikwambi kikaletwa, kikawashwa, kikadai namba ya siri. Tukatazamana.

Ukoo wetu haukosi wajuzi. Huyu akasema ni mwaka aliozaliwa kitindamimba. Yule akasema ni mwaka aliokwenda Hija. Tukajaribu tarakimu nne za mwisho za simu yake, tukajaribu 1234, tukajaribu sifuri nne. Tulipokosea mara tano kikatuambia tusubiri sekunde 30. Tukasubiri kimya kama watu wanaotazamia mwezi uandame, kisha tukarudi kukosea. Mpwa wangu, wa darasa la sita, akakinyakua akakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Akasema alama za vidole vya marehemu zitatuonyesha alikuwa anagusa wapi. Msimcheke mtoto. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliandika juu ya jambo hilohilo, kwamba mafuta ya vidole yanayobaki kwenye kioo yanaweza kumsaliti mwenye simu. Tatizo letu ni kwamba kioo cha shangazi kilikuwa na mafuta ya mandazi kutoka pembe hadi pembe.

Fundi aliposikia hivyo vituko vya kikao chetu alijishika kichwa. Vipo vifaa, alisema, ambavyo mwenyewe huvipanga vifute kila kitu mtu akikosea mara 10. Na hata ambavyo havikupangwa hivyo, kila kosa linarefusha adhabu: dakika moja, tano, robo saa, saa nzima. Akanikumbusha kisa ambacho nawe huenda ulikisikia. Aprili 2019 Evan Osnos, mwandishi wa jarida la The New Yorker la Marekani, alionyesha picha ya iPad yake baada ya mwanawe wa miaka 3 kuibonyezabonyeza namba mpaka ikachoka. Ilikuwa imeandika ajaribu tena baada ya dakika 25,536,442. Nimepiga hesabu: ni miaka 48 na ushee. Yaani mtoto angefungua kifaa cha baba yake akiwa mtu wa miaka 51, huenda na wajukuu. Osnos mwenyewe hakusubiri. Aliiunganisha na kompyuta akairejesha upya, na kurejesha upya maana yake ni kufuta. Mtu wa namna hiyo anaokolewa na nakala aliyokuwa ameihifadhi kwingine. Asiyekuwa na nakala ameokoa kioo na betri.

Nikamwuliza fundi swali ambalo nadhani hata wewe unaliuliza hapo ulipo. Fundi mzima, hadubini unayo, hewa ya moto ya kubandulia vipuri unayo, kwa nini usikifungue kwa nyuma, ukaing'oa ile memori, ukaisoma pembeni?

Hapa naomba utulie kidogo, maana ndipo wengi tunapodanganyika.

Babu yangu alikuwa na sanduku la njumu za shaba, lile la Pwani, zito, lenye vidroo vya siri chini yake. Ufunguo ulipopotea aliitwa seremala. Akang'oa bawaba kwa nyuma, na mle ndani zikatoka kanzu, hati ya shamba na sarafu za zamani, vyote vizima. Kufuli ilikuwa mlangoni tu. Vitu vyenyewe havikuwa na habari nayo. Vishikwambi vya zamani vilikuwa sanduku la babu. Fundi hodari aliweza kuzunguka nyuma ya kufuli. Tena kwenye Android za zamani, mpaka toleo la 4.4, ukikosea mchoro mara kadhaa kifaa chenyewe kilikuuliza kama umesahau, ukaingia kwa akaunti yako ya Google, yakaisha.

Vya siku hizi ni jambo jingine. Unakumbuka kinyume? Tulikuwa watoto, tunataka kupanga njama mbele ya wakubwa, basi nyumba inakuwa mbanyu, kesho inakuwa shoke. Sasa fikiria kila neno, kila picha na kila sauti iliyomo ndani ya kishikwambi imeandikwa kinyume, lakini kinyume chenye kanuni ngumu kupita kiasi, na kanuni yenyewe imekatwa vipande viwili. Kipande kimoja ni namba yako ya siri, ipo kichwani mwako. Cha pili ni namba iliyochomwa ndani ya chipu ya kifaa hicho siku kilipotengenezwa, haikuandikwa popote, na kampuni kama Apple inasema hata yenyewe haina orodha yake. Vipande viwili vikikutana, kinyume kinanyooka. Kimoja kikikosekana, ulichonacho ni takataka tupu. Hiyo ndiyo wataalamu wanaiita usimbaji fiche. Ukiing'oa memori umebeba kinyume bila kanuni. Ukiipachika kwenye kishikwambi kingine, chipu ya huko ina namba yake. Kwa hiyo mwenye kubahatisha lazima abahatishie palepale, kwenye kifaa chenyewe, na kifaa kina mlinzi anayejivuta makusudi.

Namna anavyojivuta inafaa kutajwa. Apple imeeleza kwenye maandishi yake ya usalama kwamba vifaa vyake vimepangwa vitumie kama sehemu 80 za elfu ya sekunde kupima kila namba inayojaribiwa. Kwako ni kufumba jicho. Namba za tarakimu nne ziko 10,000. Kama kusingekuwa na adhabu ya kusubiri, mashine ingezimaliza zote kwa dakika 13 na kidogo. Za tarakimu sita ziko milioni moja, mashine ingezimaliza kwa saa 22. Lakini ukichanganya herufi ndogo na tarakimu, sita tu, inakuwa zaidi ya miaka mitano na nusu. Juu ya hapo ongeza zile adhabu za kusubiri, na ile ya kufuta. Ndiyo maana fundi wangu hakukigusa.

Apple iliingia kwenye utaratibu huo kwa kina mwaka 2014, ilipotoa iOS 8, ikatangaza kwamba tangu hapo haiwezi kukifungua kifaa cha mteja hata ikiletewa hati ya mahakama. Upande wa Android mambo yalianza kuwa ya lazima mwaka 2015 kwa vifaa vingi vipya, na tangu Android 10, mwaka 2019, vifaa vyote vipya vinavyotoka nayo lazima viwe na usimbaji huo. Basi fundi anayejua kazi yake, kabla hajataja bei, atakuuliza kifaa ni cha mwaka gani. Anayetaja bei kabla ya hilo, mkimbie.

Mimi siwalaumu waliotengeneza kufuli hii. Nimeibiwa simu stendi, na usiku ule kilichonipa usingizi ni kujua kwamba mwizi amebeba kioo na betri tu, picha za watoto wangu hazioni. Kufuli haina namna ya kumjua mwizi na kumjua mtoto wa marehemu. Ninachokilaumu ni pupa yetu, na katika hili hatuko peke yetu.

Disemba 2, 2015, mjini San Bernardino, California, watu 14 waliuawa kwa risasi. Mmoja wa wauaji aliacha iPhone iliyofungwa, mali ya ofisi ya serikali aliyokuwa akifanyia kazi. Si kishikwambi, lakini kufuli ni ileile. FBI walitaka vilivyomo. Februari 2016 mahakama iliiamuru Apple itengeneze programu ya kuilegeza kufuli. Mkuu wa Apple, Tim Cook, akakataa hadharani. Wakabishana dunia nzima ikitazama, mpaka Machi 28 serikali ikasema imeshaifungua kwa msaada wa watu wa nje, kesi ikaondolewa. Hayo ndiyo yanayokumbukwa. Kinachosahauliwa ni kilichofanyika ndani ya saa 24 za kwanza. Wachunguzi, kwa haraka ya kuona nakala zilizokuwa zimehifadhiwa mtandaoni, walifanya nywila ya akaunti ya iCloud ya simu ile ibadilishwe. Simu ikabaki na nywila ya zamani, akaunti ina mpya, na kwa kuwa simu imefungwa hakuna wa kuiandikia mpya. Kama wangeiacha, wakaichaji tu na kuiweka karibu na Wi-Fi iliyoizoea, pengine ingejitumia yenyewe nakala mpya. James Comey, mkurugenzi wa FBI wakati huo, alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba lilikuwa kosa. Ikiwa FBI, pamoja na mafungu yao, walijifungia mlango wa uani kwa pupa, sisi tuliokaa kwenye mkeka Tanga tunajaribu mwaka wa Hija tusijione wajinga sana.

Narudi Kariakoo. Fundi alichana karatasi kwenye kitabu chake cha risiti, akanipa na kalamu. Akaniambia niache kuwaza tutaingiaje. Niandike ninachokitafuta, kimoja kimoja kwa jina lake, kisha nijiulize kila kimoja, kabla hakijafungiwa humo, kilipita wapi na kiliachwa kwa nani. Nimemaliza vyuo, lakini swali hilo lilinishinda akili. Sisi tulikuwa tumesema "data za shangazi" kana kwamba ni gunia moja. Kumbe ni vitu mbalimbali, na kila kimoja kina njia yake.

Picha za daftari la kikundi zilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Fundi alichukua kisindano, akakichomeka kwenye kitundu cha pembeni, kikatoka kitreyi chenye kadi ya memori ndogo kama ukucha wa mtoto. Binamu yangu wa Muscat, siku alipokileta kishikwambi, alikuwa ameipanga kamera ihifadhi picha kwenye kadi ili kisijae upesi. Kadi hiyo haikuwa imefungwa kwa kinyume. Ingekuwa imewekwa kama sehemu ya ndani ya kifaa, kama Android inavyoruhusu, nayo ingesomeka humo tu na kwingine kote ingekuwa takataka. Bahati ilikuwa yetu. Fundi hakufungua picha hata moja. Alinakili kwanza kadi nzima kwenye kompyuta, akaitoa, akaifunga kwenye bahasha akanipa, ndipo akafanya kazi kwenye nakala. Nikamwuliza mbona anajihangaisha. Akasema kadi ya namna hii picha ikifutwa huwa haijaondoka. Jina lake tu ndilo limefutwa kwenye orodha, mwili upo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ukianza kuchezeachezea, wewe ndiye unayeandika juu yake. Akaendesha programu yake, tukanywa kahawa ya kwenye kikombe kile kidogo, na zikaanza kushuka: kurasa za daftari, minazi, maulidi, na katikati yake picha ambazo shangazi alikuwa amezifuta mwenyewe. Nyingi ni kidole chake. Moja ni bibi amelala kitini, mdomo wazi, nadhani aliifuta kwa heshima. Nami sikuichukua.

Nitie neno hapa kwa mafundi wanaonisikiliza. Aliyekuletea kifaa hakukuletea maisha yake uyatembeze. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Wenzetu Kenya wana ya kwao ya 2019. Kuna vijana wanaocheka na picha za wateja vibandani, na wateja wanajua.

Majina na namba za watu, pamoja na sehemu ya picha, vilikuwa kwenye akaunti ya Google. Tulipoanza kuhangaika nywila yake ni ipi, binamu akacheka kwenye simu kutoka Muscat. Akaunti aliifungua yeye, siku ileile, kwa namba yake ya Oman, kwa sababu mama yake alikataa kuandika "vitu vya kizungu" bila miwani. Miaka yote ile ilikuwa wazi kwenye simu yake na hakuwahi kuifikiria. Wengi wa wazee wetu wako hivyo: mwana ndiye aliyefungua akaunti, na ufunguo uko mfukoni mwake. Akaunti hiyo haifungui kufuli ya kioo, msije mkachanganya. Ni milango miwili. Lakini kilichokuwa kimeshapanda huko kilikuwa salama. Na tuliwahi. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa. Laini ya simu nayo isipotumika hufungwa, na namba hupewa mtu mwingine. Kwa hiyo mkimaliza matanga, laini ya marehemu msiitupe.

Wasiokuwa na binamu wa Muscat wana safari ndefu zaidi. Mwaka 2016 habari za mjane mmoja wa Kanada zilitangazwa na shirika la utangazaji la huko, CBC. Mumewe alifariki, akabaki na iPad yao. Namba ya kufungulia kioo aliijua. Asichokijua ni nywila ya akaunti, iliyokuwa ya mume. Alitaka mchezo wake wa karata, basi. Wosia alikuwa nao, cheti cha kifo alikuwa nacho, kampuni ikamwambia alete amri ya mahakama. Amri ya mahakama kwa ajili ya karata! Apple iliomba radhi baada ya waandishi kuingilia, ikasema kulikuwa na kutoelewana. Tangu Disemba 2021 imeweka utaratibu: mwenye akaunti, angali hai, anachagua watu mpaka 5 wa kumrithi, kila mmoja anapewa ufunguo wa maandishi, na siku ikifika anauwasilisha pamoja na cheti cha kifo. Atapata picha, barua na nakala zilizohifadhiwa mtandaoni. Nywila za marehemu hatapewa, na kioo cha kifaa hakitamfungukia. Google ilitangulia mwaka 2013: unachagua watu mpaka 10, unapanga ukimya wa kati ya miezi 3 na 18, na ukimya huo ukipita wanaletewa ulichoruhusu. Kazi yote haizidi dakika 10 na haigharimu hata senti. Ajabu ni kwamba kila nikilitaja hili barazani watu wananiambia nisijitabirie mabaya, ilhali haohao wana sanda ndani.

Na kuna wale wa mitandaoni, wanaokwambia watakifungua kwa mbali, utangulize kidogo kwa simu. Ndugu yangu mmoja, sitamtaja maana anasikiliza, alituma shilingi elfu 80. Yule bwana akaomba nyingine ya "seva", kisha namba haikupatikana tena. Jiulize tu: kampuni iliyotengeneza kufuli inasema haina ufunguo, huyu wa elfu 80 kaupata wapi?

Zikabaki sauti. Programu ya kurekodi aliyotumia shangazi ilikuwa inahifadhi kwenye memori ya ndani ya kishikwambi, si kwenye kadi wala kwenye akaunti. Ziko mle mpaka leo, kwa kinyume. Fundi alinieleza bila kuzunguka: yeye hawezi, na hamjui anayeweza. Hakunitoza kwa hilo. Alichotoza ni kazi ya kadi.

Ila lile swali lake lilibaki kwenye karatasi: zilipita wapi? Shangazi hakuwa mchoyo wa alichonacho. Akipata sauti tamu anaituma WhatsApp. Tulimpigia binamu, akapekua, akazipata 7. Zilikuwa zaidi, anakumbuka. Nyingine alizifuta kupisha video za harusi, na aliponiambia hivyo alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Dada mmoja wa Mombasa alikuwa na 3, moja ni ileile ya binamu. Kwa hiyo tunazo 9. Katika moja bibi anataja majina ya wazee wa Pangani, anafika jina la tano, jogoo anawika, na shangazi anamwambia jogoo anyamaze.

Kishikwambi kipo kabatini kwangu. Nakichaji kila mwisho wa mwezi, kinawaka, kinaonyesha picha ya mwembe wa nyumbani, kinaniomba namba. Wajuzi wa ukoo nimewakataza kukigusa.

Sasa ninyi akina mama wa vikundi vya Tanga, na wanafunzi wa zamani wa mwalimu yule mnaomjua kwa lile kava jekundu. Pekueni simu zenu, hata ile iliyopasuka kioo mliyoitupa kwenye droo. Mkikuta sauti ya bibi kizee anayeanza kwa kukohoa kidogo, kisha anauliza, "Hicho kinasikia?", tafadhali msiifute. Nileteeni hapa studio, au mwachieni mlinzi getini.